Kibao cha Jiko la Kambi

Mwanamke mmoja, fundi wa kuandika mabango, alipewa vibao kumi na viwili avipake upya kwenye kambi ya zamani ya jeshi, ambako siku hizi wageni huja kutembezwa. Alianza na lango, kisha ghala la silaha, kisha bweni. Kazi ilikwenda. Mkono ulijua njia yake, na kichwa alikiacha kiende kinakotaka, lakini tangu mwaka uanze kilikuwa hakiendi popote.

Siku ya nne alifika jikoni. Paa halikuwepo tena. Kuta zilibaki na masizi. Akakunjua karatasi ya ofisi: "Jiko la kikosi. Liliteketea kwa moto. Hakuna aliyepoteza maisha."

Akasoma tena. Baba yake alikuwa mpishi wa jiko hilo. Siku ya moto alitoka nyumbani asubuhi na aproni yake kwapani. Jioni likaja sanduku lililopigwa misumari, na askari akawaambia wasilifungue. Fundi wakati huo alikuwa na miaka saba.

Akampigia simu kaka yake.

"Wameandika hakuna aliyekufa."

"Wewe umeitwa kupaka rangi, mdogo wangu. Paka rangi."

"Haya."

Aliitafuta hasira ndani yake, hakuiona. Akakoroga rangi, akapiga mistari kwa penseli, akaandika sentensi ya kwanza, akaandika ya pili. Ya tatu akaiandika hivi: "Alikufa mpishi mmoja."

Mchana akaja msimamizi wa kambi, mzee mwenye karatasi zake kwapani. Akasoma kibao, akasoma karatasi.

"Mama, hapa umekosea."

"Sijakosea. Huyo ni baba yangu."

"Una cheti?"

"Nina kaburi."

Msimamizi akavua kofia, akaitazama ndani kama aliyeangusha kitu humo, akaivaa. "Mimi nimekuja kukagua herufi, na herufi zimenyooka. Wakiuliza maneno, utajibu mwenyewe."

"Nitajibu."

Mwisho wa juma alimleta mama yake. Mama alisoma polepole, kidole kikifuata herufi bila kuzigusa.

"Jina hawakuweka."

"Nafasi haikutosha, mama."

"Si kitu. Ni kweli alikuwa mmoja. Wenzake wote walitoka." Kisha akasema, "Nitafutie pa kukaa, magoti yananiua."

Wakakaa kwenye ngazi za bweni. Fundi alingoja machozi, ya mama au yake mwenyewe, yoyote yatakayotangulia. Hayakuja. Mama aliuliza kama choo kiko karibu, akaonyeshwa, akaenda, akarudi.

Ofisi haikuuliza kitu, si wiki ile wala iliyofuata. Jumatatu asubuhi fundi alibeba ndoo na brashi zake, akaanza kibao cha zizi la farasi.