Juzuu ya Tano Iko kwa Dada

Pale duka la dawa wateja walimwita Dozi, na hawakumwonea. Alikuwa mfamasia wa aina ile inayokabidhi vidonge kwa mkono mmoja na kukushikilia kwa macho usiondoke. "Unameza mpaka viishe," alikuwa akisema. "Ukijisikia nafuu, unameza. Ukisahau hata ulikuwa unaumwa nini, unameza. Dozi haikatizwi." Mteja aliitikia kwa adabu zote, akaenda zake, na baada ya siku mbili tatu akaacha. Dozi alilijua hilo, na alikuwa na dharau ya dhati kwa watu wanaoishia njiani.

Nyumbani kwake kulikuwa na kabati la vitabu ambalo, kama lingeitwa kutoa ushahidi, angenyang'anywa leseni. Lilijaa mifululizo iliyokatika njiani. Wa yule jasusi mjane aliuacha pale mjane alipoingia kwenye lifti na taa zikazimika. Mpaka leo maskini yumo humo, anasubiri. Wa zile koo mbili zinazogombania kisima aliuacha kesho ikiwa ni harusi, na bibi harusi amekaa na hina yake mpaka imefutika. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na wala hawakuwahi kumwona Dozi.

Si kwamba hakujitahidi. Kila mwanzo wa mwaka alijiwekea changamoto ya kusoma. Mwaka mmoja aliapa kusoma kitabu kila wiki. Akasoma viwili, na kijitabu cha maelekezo ya mashine ya kufulia, ambacho alikihesabu. Mwaka uliofuata alishinda madukani akichagua kalamu za rangi za kuchorea jedwali la usomaji, na jedwali lilitoka zuri mno hata akaona huruma kuandika chochote humo.

Safari hii alikuja na mpango wa watu wazima. Aliuandika kwa kalamu ya kawaida kabisa akaubandika kwenye friji: Mwaka wa Viporo. Hakuna kitabu kipya mpaka mifululizo ya zamani iishe.

Mume wake, fundi umeme ambaye hakuwahi kuacha swichi bila kifuniko, aliusoma huku akitafuta maji baridi.

"Na udereva je?" akauliza. "Nao ni kiporo. Uliuacha kwenye gia ya pili."

"Nimesema vitabu."

"Haya. Nilikuwa naulizia tu."

Jumamosi hiyo Dozi akavishusha vitabu vyote sakafuni ili avipange kwa zamu. Akapanga kwa muda, kisha akaanza kupanga polepole, kisha akaacha. Mume alimkuta ameketi katikati ya mafungu kama mwenye duka lisilo na wateja.

"Mbona kila mfululizo una ya pili na ya nne tu?" mume akauliza. "Huu hapa una ya sita pia. Za witiri ziko wapi?"

"Ziko kwa Dada," Dozi akasema, na chumba kikapoa.

Hapo inabidi tumweleze Dada. Alikuwa mkubwa wake kwa tumbo moja, na kazi yake ilikuwa kufundisha watu udereva. Tangu walipoanza kujitegemea walikuwa na mapatano: Dada ananunua juzuu za witiri, Dozi za shufwa, halafu wanabadilishana. Juzuu ya mwisho haifunguliwi na mtu mmoja. Hiyo husomwa pamoja, kwa sauti. Hivyo kila hadithi ilikuwa na nyumba mbili, na ukitaka kujua kilichompata mtu ilikulazimu umtembelee ndugu yako. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya mpango wote, ingawa hakuna kati yao aliyewahi kuisema.

Mfululizo walioupenda kuliko yote ulikuwa wa mkagua tiketi wa treni, mzee mmoja mkorofi aliyefichua wezi kati ya kituo na kituo. Kabla ya kusema jambo zito alikohoa kwanza, kikohozi kikavu cha mara moja, vilevile alivyokuwa akikohoa marehemu baba yao. Hilo nalo hawakuwahi kulisema, lakini Dada aliposoma kwa sauti alikikohoa vizuri sana.

Sasa Dada alikuwa na tabia moja. Mwanafunzi akishazoea usukani na kuanza kujisahau, Dada angesema ghafla, uso mkavu kama karatasi: "Umemgonga mtu!" Mwanafunzi angekanyaga breki, roho mkononi, na barabara ingekuwa tupu. "Hivyo ndivyo breki inavyokanyagwa," Dada angesema. Nusu ya madereva wa mji ule walifundishwa kwa uongo.

Miaka mitatu iliyopita, kwenye harusi ya binamu yao, Dozi akiwa amekaa mbele kabisa na wanja wake umekolea, Dada alimwinamia sikioni. "Mdogo wangu, nimeipata ya tano," akanong'ona, uso mkavu. "Mkagua tiketi anakufa."

Dozi alilia. Hakulia kistaarabu; alilia mpaka wanja ukateremka kidevuni, na kwa kuwa ni wakati uleule bwana harusi alikuwa akivishwa pete, wageni wengi wakaelewa jambo ambalo halikuwapo. Shangazi mmoja wa upande wa bibi harusi alimtazama vibaya mpaka mwisho wa sherehe. Mzee amekufa, Dada amefungua juzuu ya mwisho peke yake, na yeye sasa anaonekana mchumba aliyeachwa! Dada alifungua kinywa aseme neno, Dozi akamkatiza: "Toka leo usinijue."

Na Dada, ambaye tangu utotoni hakuwahi kumtii mtu, siku hiyo akatii.

Tangu hapo mama yao alikuwa akiwapokea kwa zamu kama zahanati, huyu asubuhi, huyu jioni, na kuwapa salamu za kupelekeana ambazo hazikufika.

"Si uende tu," mume akasema pale sakafuni.

"Yeye ndiye mkubwa. Aanze yeye."

"Ulimwambia asikujue. Ataanzaje kumjua mtu aliyekatazwa kumjua?"

"Kwa hiyo uko upande wake."

"Mimi?" Mume akainua mikono. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi naelekea shambani." Akaenda zake kurekebisha kengele ya mlango, ambayo ilikuwa nzima.

Dozi akaenda maktaba. Mapatano alishayavunja mwenzake, alijiambia, kwa hiyo hayamfungi. Mkutubi akamletea juzuu ya tano, kurasa zimelegea kwa kusomwa na watu waliopatana na ndugu zao.

Alikisoma saa za chakula cha mchana, kwenye stoo ya duka la dawa, amekalia katoni ya dawa ya kikohozi, leso ikiwa tayari. Hajawahi kutokea msomaji aliyemuaga mtu mara nyingi vile. Mzee alipovuka toka behewa moja hadi jingine, Dozi alimuaga. Alipokula biskuti ya zamani, alimuaga. Alipokohoa, alifunga kitabu kabisa na kutazama ukuta. Jinsi kurasa zilivyopungua ndivyo alivyomchukia Dada, na jinsi alivyomchukia ndivyo alivyotamani awepo pale, akikohoe kile kikohozi kwa sauti, kwa sababu kusoma kimya kulikuwa kunakipunja.

Kwenye ukurasa wa mwisho mkagua tiketi alishuka kituo cha mwisho, akamvika kofia yake mkaguzi mpya, akaenda nyumbani na kulala na viatu. Dozi akashika leso. Mzee akaamka, akalalamika kwamba chai imepoa. Hadithi ikaisha.

Dozi akageuza ukurasa akakuta jalada. Akarudi nyuma, akaisoma tena ile chai. Marehemu halalamiki kuhusu chai. Akacheka peke yake, kicheko cha furaha kabisa, mzee wake yu hai! Kisha kicheko kikamkwama. Aliuona ule uso mkavu ulioinamia sikio lake harusini, na akakumbuka ni wapi pengine ameuona uso ule, mara ngapi, akiwa ameshika usukani mwenyewe. Umemgonga mtu. Barabara tupu. Wote waliofundishwa na Dada waliijua breki ile, na yeye, aliyelala naye kitanda kimoja utoto mzima, ndiye pekee aliyekanyaga na kukaa pale miaka mitatu.

Alirudi kaunta akiwa na macho mekundu. Mteja mmoja alikuwa akimsubiri, akikohoa.

"Mfamasia, kimerudi," mteja akasema kwa woga. "Niliona kama nimepona, nikaacha." Akainamisha kichwa kusubiri hotuba.

"Pole," Dozi akasema. "Hauko peke yako, ndugu yangu."

Mteja alisimulia jambo hilo mtaani, na wengi hawakumwamini.

Kumpigia simu Dada aliona haya. Kwenda kwake pia. Angeambiwa karibu na kupewa kiti, na hakuna kitu kigumu kama kuomba msamaha umeketi. Mwishowe akafanya ambalo lingefanywa na mtu mwenye akili zake tu pale anapokuwa hana njia nyingine: akaenda chuo cha udereva anakofundisha Dada, akajiandikisha kwa somo, akaingia kwenye gari la mafunzo na kushika usukani.

Mlango wa pili ukafunguliwa. Dada akainama kuingia, akamwona, akabaki nusu ndani nusu nje.

"Shikamoo, Dada."

Dada akakaa. Akafunga mlango, akaangalia mbele. "Marahaba," akasema. "Funga mkanda."

Dozi akafunga. Akawasha gari, akaliondoa kwa mirukoruko, akalizungusha uwanja wa mazoezi mzunguko mmoja. Alikuwa na maneno mazuri aliyoyapanga tangu nyumbani, na yote yalikuwa yamebaki kwenye friji.

"Dada, nimekuja kukuomba msamaha," akasema kwa mkupuo. "Yule mzee hakufa. Nimekisoma mwenyewe mpaka mwisho. Ulikuwa unanitania, na mimi mjinga nikanuna miaka yote hii."

Gari likasimama ghafla. Dada alikuwa amekanyaga breki ya upande wake.

"Umesema nini?"

"Nimesema nisamehe."

"Kabla ya hapo."

Dada akafungua kijidroo cha mbele yake. Kati ya matambaa ya kufutia kioo na karatasi za alama za barabarani akatoa juzuu ya tano, bado imo ndani ya nailoni yake ya dukani, pembe zimeanza kupauka kwa jua.

"Hukukisoma?" Dozi akauliza, na sauti ikamtoka kama ya mtoto.

"Ningekisomaje? Si tulikubaliana ya mwisho tunasoma wote? Nilitaka nikuambie palepale harusini kwamba nakutania, ukanikatiza. Nikasema basi, akirudi tutakifungua." Dada alikuwa akikigeuzageuza kitabu. "Miaka mitatu nazunguka nacho. Wanafunzi wanadhani ni kitabu cha sheria. Na wewe umeingia, hata gia ya tatu hujafika, umeshanimwagia mwisho wake."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Dozi alikaa pale ameshika usukani, na kila alichokuwa amemlaumu dada yake kwacho akakiona kiko mapajani mwake mwenyewe: kakifungua kitabu cha mwisho peke yake, na kamwambia mwenzake nani anaishi. Tofauti ni kwamba yeye hakutania. Akaona kinywa cha Dada kikifunguka, na maneno anayoyastahili aliyajua vizuri, kwa kuwa yalikuwa ya kwake. Akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

Akakohoa. Kikohozi kikavu, cha mara moja.

"Dada," akasema, akikaza uso kwa nguvu zake zote na kutazama mbele. "Nakutania."

"Unanitania nini?"

"Hilo la kwamba hakufa."

"Kwa hiyo amekufa?"

"Mimi sisemi. Si tulikubaliana tunasoma wote?"

Dada akamtazama. Aliitazama mikono iliyobana usukani, akalitazama bega, akautazama ule uso mkavu ambao haukuwa mkavu hata kidogo, kidevu kinacheza. Mwalimu wa udereva huwajua waongo kwa mabega yao. Halafu akaipeleka nailoni mdomoni, akaichana kwa meno, akamwekea kitabu juu ya usukani.

"Haya, soma," akasema. "Kikohozi niachie mimi. Chako kibaya."

Dozi akasoma. Kila mzee alipofika pa kukohoa Dozi alimwachia Dada zamu, na Dada akakohoa, na kila mara Dozi alilazimika kufuta macho ndipo aone mstari unaofuata. Mzee alipovuka kwenda behewa jingine Dada alimkamata mkono. "Hapa?" "Sisemi." Alipokula ile biskuti ya zamani Dada akasema anakufa na biskuti, alijua tu, na Dozi akageuza ukurasa.

Kioo kikagongwa. Kijana aliyevaa shati la kufundishiwa alikuwa amesimama nje, akionyesha saa yake. "Mwalimu, zamu yangu imefika."

Dada akateremsha kioo kidogo. "Kanywe chai kwanza," akamwambia, uso mkavu kama karatasi. "Kuna mzee wetu humu, hatujajua kama atapona."

Kijana akachungulia. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, lakini aliwaona dada wawili wameshikana mkono na mmoja machozi yanamtoka, akavua kofia. "Poleni sana," akasema, akarudi nyuma kwa adabu.

Dada akapandisha kioo.

"Endelea," akasema. "Mpaka kiishe."