Ninyi Ndio Mlio Njiani

Mzee Asiamah alipoingia uani kwetu asubuhi ile ya Jumamosi, kitu cha kwanza tulichokiona ni nguo yake. Alikuwa amejitanda nguo nyeusi ya msiba. Nyuma yake alikuja Pokuaa, wifi yake Dufie, macho yamemwiva. Dufie ni mtoto wa pekee wa dada yangu Oforiwaa. Alikuwa ameolewa kwa kina Asiamah, ng'ambo ya mto, na mimba yake ilikuwa ya miezi minane.

Dada alikuwa akimenya mihogo. Kisu kilimponyoka. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Birago, lete viti."

Nikaleta viti, nikaleta maji. Wageni wakanywa, wakamwaga kidogo chini, wakatusalimu kwa mkono kuanzia kulia. Kilichobaki ni maneno machache tu. Kwetu mwenyeji husema, "Hapa ni salama, ninyi ndio mlio njiani," na hapo ndipo mgeni anapoeleza kilichomleta. Hata kama paa lako linaungua naye ameuona moshi, atangoja aulizwe kwanza.

Dada hakuuliza.

"Mihogo ya mwaka huu migumu," alisema. "Sijui ni jua."

"Jua ni kali kweli, mkwe," akajibu Mzee Asiamah, amenyooka kitini.

"Na huko kwenu, kakao imechanua?"

"Imechanua kiasi."

Nilimwelewa dada yangu. Maadamu hajauliza, Dufie yu hai. Alidhani msiba unaweza kuketishwa uani ungoje, kama muuza vitambaa.

Pokuaa akashindwa kuvumilia. "Mama, Dufie ame..."

"Tumeulizwa?" Mzee Asiamah akamkatiza.

"Samahani, mjomba, lakini..."

"Nakuuliza, tumeulizwa? Au unataka waseme ukoo wetu unaropoka kwenye nyua za watu kama walevi?"

Pokuaa akauma upindo wa nguo yake. Mzee huyo tulimjua. Siku ya posa alitukalisha saa nzima bila neno kwa sababu binamu yetu mmoja alimpa bilauri kwa mkono wa kushoto. Wakati ule tulicheka sana, tukamwigiza jikoni mpaka mbavu zikauma.

Huko njia panda lori likapiga honi, mara mbili, ndefu.

"Madereva wa siku hizi hawana subira," alisema dada, akainuka ghafla. "Wageni wangu hawaondoki na njaa. Birago, mkamate yule jogoo."

Nilimfuata jikoni. "Dada, waulize."

"Niwaulize nini?"

"Unajua."

"Wewe umezaa, Birago?" Macho yake yalikuwa makavu, yanatisha. "Hujazaa. Basi washa moto, unyamaze."

Nikawasha moto. Nimejitetea kwa miaka kwamba mdogo hamuulizi mgeni mbele ya mkubwa wake, na ni kweli haulizi. Lakini niliogopa pia, nani asiogope? Nikachemsha mihogo na ndizi, nikatwanga fufu. Kila mchi ulipotua kinuni nilimwona Pokuaa akishtuka. Jua likafika utosini. Honi ikalia tena, kisha tena.

Wageni wakaandaliwa. Pokuaa hakugusa. Mzee Asiamah alimeza matonge matatu ya heshima, akanawa, akalitazama jua. Dada naye akatazama huku na huko kama mtu anayetafuta chakula kingine cha kupakua, asikione. Akaketi.

"Hapa ni salama," alisema. "Ninyi ndio mlio njiani."

Mzee Asiamah alikohoa. "Hatukuja kwa ubaya, mkwe. Mke wetu Dufie amejifungua usiku, mtoto wa kike, mzima. Ila damu haikatiki. Yuko hospitali ya wilaya. Tangu alfajiri anamwita mama yake. Tumekuja kukuchukua, lori linangoja."

"Yu hai?"

"Tulimwacha hai."

"Na nguo hiyo?" Dada alipiga kelele. "Nguo hiyo, Mzee Asiamah!"

Mzee akaitazama nguo yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Hii? Nilikuwa natoka kwenda kumzika jirani. Habari zilinikuta mlangoni."

Dada alikimbia hadi njia panda bila viatu. Njiani alinishika mkono, nao ukaniuma siku tatu. Tulifika saa tisa. Muuguzi alitutazama, akauliza ni nani mama. Kisha akasema kwamba Dufie alikuwa akiuliza mama amefika wapi, anauliza na kuuliza, mpaka saa sita.

Saa sita mimi nilikuwa natwanga fufu.

Mtoto tunaye, ametimiza miaka tisa, ana meno ya mama yake. Na siku hizi mgeni akitokeza tu kwenye ua, dada humpigia kelele akiwa bado huko jikoni: "Sema, kuna nini?" Hajampa kiti, hajamsalimu. Watu wanasema Oforiwaa amepoteza adabu, tena wanasema nikiwapo.

Mimi nangoja mgeni aseme, ndipo naenda kuchota maji.