Pingamizi Kabla ya Tangazo la Tatu

Waraka wa askofu ulifika ofisini Jumatatu, kurasa nne, ukiagiza kila kanisa lihubiri juu ya pengo kati ya matajiri na maskini, pamoja na maadili ya mabenki. Haukufunguliwa mpaka Alhamisi, maana baraza la wazee lilikuwa na jambo zito zaidi wiki hiyo, yaani rangi ya mapazia.

Aliyeusoma kwa sauti alikuwa Mama Muhuri, katibu wa ofisi ya kanisa kwa mwaka wa kumi na nne. Jina hilo alipewa kwa sababu muhuri wa kanisa haukuwahi kulala nje ya mkoba wake. Alipomaliza, wazee wote wakatazama dari. Dari ilikuwa mpya. Ilitolewa na benki. Viti mia tatu vya plastiki vilivyokuwa chini yake navyo vilitolewa na benki hiyohiyo, kila kimoja kimeandikwa mgongoni "Benki Yako, Ndugu Yako". Muumini akipiga magoti kuomba, kitu cha kwanza kukiona akifumbua macho ni huyo ndugu.

"Waraka mzuri sana," alisema Meneja. Huyu alikuwa meneja wa benki yenyewe, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya fedha, mtu wa sauti ya upole na viatu visivyojua vumbi. "Mzuri mno. Ila mimi nauliza tu. Kanisa na mambo ya benki, wapi na wapi? Sisi tumewahi kuja hapa kuwafundisha namna ya kubatiza?"

Wazee wakacheka. Mchungaji alichelewa kidogo, kisha akacheka kuliko wote ili kufidia.

"Tunaweza kuligusa juu juu," alisema. "Tusiwaumize watu."

Watu waliokuwa hatarini kuumizwa, kwa hesabu ya haraka, walikuwa mmoja, na alikuwa amekaa hapo akinywa chai. Baraza likajadili saa nzima. Mahubiri yaliyoingia kikaoni yakiitwa "Kilio cha Maskini" yakatoka yakiitwa "Baraka za Kuweka Akiba". Mama Muhuri akaandika kwenye kumbukumbu: Imekubaliwa. Aliikandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika.

Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na anwani. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamshonea sare zote za shule, kila moja ikiwa na upindo mrefu wa kukua nao. Miaka minne iliyopita dada huyo alikopa benki kununua cherehani mbili, akaweka nyumba rehani. Alikuwa ameshalipa zaidi ya alichokopa, na bado alidaiwa zaidi ya alichokopa. Hesabu hiyo ni benki peke yake iliyoielewa, nayo haikuwa na haraka ya kumfundisha mtu. Sasa nyumba ilikuwa inapigwa mnada. Zilibaki siku kumi na moja.

"Umeongea na huyo mzee wenu wa benki?" dada alimuuliza jioni hiyo, bila kuinua uso kutoka kwenye kitambaa.

"Nimeongea naye, dada."

"Akasemaje?"

"Amesema ataniombea."

Dada akakata uzi kwa meno.

Ijumaa asubuhi Meneja alikuja ofisini mwenyewe, mkononi ana karatasi moja. "Mama, nibandikie hili ubaoni. Lipige na muhuri wa kanisa, watu wanauamini."

Mama Muhuri akaisoma. Nyumba ya vyumba vinne, nyuma ya shule ya msingi. "Mzee, hii si nyumba ya dada yangu?"

"Najua, mama. Ndiyo maana nimeileta kwa mkono wangu, kwa heshima." Akanyoosha tai. "Utaratibu ni utaratibu."

Huo ndio uliokuwa wimbo wake. Yeye ndiye aliyelitungia kanisa utaratibu wa matangazo ya ndoa. Kila ndoa hutangazwa Jumapili tatu. Mwenye pingamizi huliandika na kulipeleka ofisini. Likishapokelewa, baraza lazima likae, liite pande zote mbili, liwaulize maswali yaliyomo kwenye fomu, kisha mchungaji asome majibu mimbarani, mwenyewe, bila kupunguza neno. Meneja alikuwa ameuchapa utaratibu huo kwenye karatasi za benki, akautia kwenye fremu, akautundika ofisini. Mama Muhuri aliupangusa vumbi kila wiki.

Mchana ule alichapa matangazo ya ndoa mbili huku machozi yakimdondokea kwenye kibodi, akagonga mihuri, akafunga faili la bluu. Jumamosi asubuhi, alipolifungua kuhakiki, alikuta tangazo la mnada limelala katikati, kati ya fundi bomba na mchumba wake na mwalimu wa chekechea na wa kwake. Limepigwa muhuri vizuri kabisa. Alikuwa amekosea, na katika miaka kumi na minne hilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

Akalitoa. Akaenda nalo mpaka ubaoni, pini iko mdomoni. Hapo akamkumbuka Mzee Kengele.

Mzee Kengele ndiye aliyesoma matangazo kanisani. Maisha yake yote kabla ya kustaafu aliyatumia kutangaza treni stesheni, na alitoka huko na sauti kubwa pamoja na imani kwamba kazi ya mtangazaji ni kutangaza. Kilichokuwa kwenye faili la bluu alikisoma. Mwaka uliopita alikuwa ameisoma bili ya umeme yote, mpaka namba ya mita, na waumini wakaitikia amina.

Mama Muhuri akaitoa pini mdomoni. Aliogopa. Kazi yenyewe ilikuwa hiyo moja, na Meneja ndiye aliyesaini mshahara wake. Kisha akarudi mezani, akalirudisha tangazo kwenye faili, mahali palepale.

Jumapili Mchungaji alihubiri baraka za kuweka akiba kwa watu ambao wengi wao walikuwa wameweka sadaka ya mwisho waliyokuwa nayo. Meneja, safu ya mbele, alitikisa kichwa kwa kuguswa. Kisha Mzee Kengele akapanda, akavaa miwani, akasoma ndoa ya fundi bomba. Akafunua.

"Tangazo la kwanza," akanguruma. "Nyumba ya vyumba vinne, yenye bati na uzio, nyuma ya shule ya msingi, na benki. Mnada utafanyika Jumatatu baada ya Jumapili ijayo, saa nne asubuhi." Akasita kidogo, kama mtu aliyeona treni isiyo kwenye ratiba, lakini mazoea yakamsukuma mbele. "Yeyote anayejua sababu ya kuzuia jambo hili alete pingamizi kwa maandishi kabla ya tangazo la tatu. Anayenyamaza sasa, anyamaze daima."

Safu ya tatu, dada wa Mama Muhuri aliinamisha kichwa. Hakuna aliyecheka.

Ibada ilipoisha, foleni mbele ya ofisi ilifika vyooni. Walikuja mafundi, wauza mboga, mwalimu mkuu, na bibi mmoja aliyetaka kujua kama anaweza kupinga na mnada wa mwaka juzi, uliomchukulia shamba. Mama Muhuri alipokea mapingamizi arobaini na moja, akapiga muhuri kila moja. Meneja aliingia mikono ikiwa kiunoni.

"Futa huu upuuzi! Hili ni kosa la ofisi."

"Ni kosa kweli, Mzee, na mimi ndiye niliyekosea," alisema Mama Muhuri. "Lakini limeshasomwa, na mapingamizi yameshapokelewa." Akaielekeza kalamu ukutani, kwenye fremu. "Utaratibu ni utaratibu."

Jumatano baraza likakaa. Dada alikaa upande wa bibi harusi, Meneja upande wa pili. Mchungaji alikuwa analoa jasho, lakini fomu ilikuwa mbele yake.

"Je," akasoma, "kila upande ulielewa maneno uliyoyasaini?"

"Mimi sikuelewa," alisema dada. "Maandishi yalikuwa madogo. Niliambiwa weka saini hapa, na hapa, na hapa. Nikauliza riba ikipanda itakuwaje, kijana wa benki akasema, mama, usiwe na wasiwasi."

"Je, upande uliojua ulimweleza asiyejua?"

Wote wakamgeukia Meneja. Aliliangalia swali lile kwenye fomu, swali alilolitunga mwenyewe kwa ajili ya vijana wanaooa harakaharaka.

"Hayo ni masuala ya kitaalamu," akasema.

Mama Muhuri akaandika kwenye kumbukumbu: Hakumweleza. Safari hii karatasi haikuchanika.

Jumamosi zikaja habari mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya benki: mnada umesimamishwa na mkopo utapitiwa upya, kwa kuwa imegundulika hitilafu ya kompyuta. Kompyuta, maskini, haikuwa na wa kuitetea. Ya pili ilikuwa lori, lililokuja kuchukua viti mia tatu.

Kwa hiyo Jumapili watu walikuja na vya kwao, masofa ya kubebwa na watu wawili, mikeka, madumu, ndoo zilizogeuzwa. Mchungaji alipanda mimbarani na majibu ya baraza mkononi. Alilitazama kanisa lake, na kwa mara ya kwanza hakuna kiti cha benki kilichomtazama. Akasoma lote, bila kupunguza neno. Alipomaliza akauchomoa mfukoni waraka wa askofu, umekunjamana, akaanza kuusoma nao.

Mama Muhuri hakuwa na mahali pa kukaa, maana alikuja mapema na mkoba tu. Dada yake akasogea, akampa nusu ya kigoda cha cherehani alichokitoa nyumbani kwake.