Kidimbwi Chini ya Betri

Siku ile mjinga alikuwa yeye, tena mjinga wa kujitakia, na Masafa mwenyewe halikatai hilo. Anachokataa ni kuambiwa alikuwa peke yake. Lakini ukiwahesabu wote waliokuwepo uani asubuhi ile, hesabu inakwama kwenye moja.

Masafa ni jina alilobandikwa na madereva wenzake, maana hakuna njia ndefu ambayo hakudai kuimaliza kwa pumzi moja. Miaka kumi na miwili aliendesha lori la buluu la tani nne, akatoka getini na kuingia apendavyo. Mpaka alipoajiriwa fundi mpya, na fundi mwenyewe akawa mtalaka wake.

Enzi za ndoa, mwanamke huyo aliomba ruhusa ya Masafa hata kwenda kumwona mama yake. Akadai talaka, akajifunza ufundi, akatokea uani na ovaroli na kalamu sikioni. Mwenye malori akamkabidhi kabati la funguo, na amri ikawa kwamba gari halitoki bila saini yake. Sasa Masafa ndiye aliyesimama dirishani kila asubuhi, kofia mkononi, na wenzake hawakumwonea haya.

"Masafa, ushamuaga mama?" walimuuliza.

Alicheka nao. Lakini kicheko kile kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila asubuhi kikazama zaidi.

Wiki ile ilikuwa ya safari ya milimani. Dereva atakayeipeleka mizigo salama angekabidhiwa njia ile mwaka mzima, na Masafa aliitaka kuliko kitu chochote. Fundi alikuwa amemaliza breki za mbele, akasema magurudumu ya nyuma nayo yafunguliwe kwanza. Masafa akagoma. Akaenda kwa mwenye malori akamwambia nyuma kuko sawa kabisa, ila fundi analipiza kisasi cha ndoa kwenye kazi ya watu. Mwenye malori akajibu kwamba kesho asubuhi atakuja kujionea mwenyewe.

Usiku ule Masafa hakuwaza safari. Aliwaza namna ya kumng'oa yule mwanamke, kalamu na kabati lake. Alfajiri, mlinzi akiwa bado anapiga miayo, aliingia uani na chupa ya mafuta ya breki. Mpango ulikuwa mwepesi: breki za mbele zionekane zinavuja, kazi ya fundi ionekane uozo, na afukuzwe mchana huohuo. Kasoro ilikuwa moja tu. Kwa ajili ya sherehe hiyo alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na shati jeupe haliingii uvunguni mwa lori. Basi akaiweka chupa kwenye ngazi ya mlango, akakunja mikono ya shati, akainama, akamimina pale mkono ulipofika. Chai aliyokwenda kunywa baada ya hapo ilikuwa tamu kuliko zote tangu siku ya talaka.

Jua lilipopanda kidogo, mwenye malori akaja. Masafa akamwongoza, pamoja na fundi na madereva wawili, akasimama hatua kumi kutoka kwenye gari, akanyoosha kidole.

"Mafuta ya breki hayo, bosi. Hiyo ndiyo kazi ya mbele aliyoimaliza fundi wako."

Fundi hakubisha. Alichuchumaa, akachovya kidole, akasugua na dole gumba, akanusa.

"Ni mafuta ya breki kweli," akasema. Masafa akahisi mbawa zinamwota. "Ila mimi nimegusa na kunusa ndiyo nikajua. Wewe, baba mtoto, umejulia wapi na uko hukooo?"

Masafa akajibu kwamba ni uzoefu. Dereva mmoja akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

Fundi akaleta maboksi, akayapasua yakawa bapa, akayatandaza chini ya lori lote kuanzia bampa hadi nyuma, baada ya kukifuta kile kidimbwi. Kisha akamwomba Masafa, kwa adabu zote, apande akakanyage breki, kwa kuwa dereva wa gari ni yeye. Masafa akapanda na shati lake. Alikanyaga kwa moyo wote. Kila pigo alilihesabu kama msumari kwenye jeneza la ajira ya yule mwanamke. Alipoambiwa inatosha, aliongeza mawili ya ziada.

Maboksi yakavutwa moja moja. La mbele, kavu. La pale palipokuwa na kidimbwi, kavu kama kiganja.

"Juu ya hapa kuna betri," fundi akamweleza mwenye malori taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. "Bomba la breki halipiti hapa. Na yale yalikuwa safi, hayana hata vumbi. Mafuta yakitoka ndani ya gari hutoka na uchafu wake."

Akavuta boksi la nyuma kulia. Matone matano, meusi, yenye masizi ya breki. Akaingiza mkono nyuma ya tairi, ukatoka umelowa.

Hakuishia hapo. Akawaita kwenye ngazi ya mlango. Juu ya rangi ya buluu palikuwa na duara la kitako cha chupa, rangi imevimba na kujikunja kama ngozi iliyoungua, kwa kuwa mafuta yale hula rangi. Hakusema ni la nani. Kila mmoja aliliangalia duara, kisha akaliangalia shati jeupe.

Mwenye malori hakupaza sauti. Funguo za safari ya milimani, kwa gari jingine, alimpa yule dereva aliyekohoa. Masafa akaambiwa aende nyumbani, ataitwa likipatikana gari. Na sauti ile haikuwa ya mtu anayekusudia kuita.

Watu walipotawanyika, Masafa alibaki amesimama karibu na fundi, ambaye alikuwa tayari amelala uvunguni na spana. Hasira zilimpanda hadi macho yakawa mekundu. Akamwambia amefurahi sasa, amemvua nguo mbele ya watu, roho yake imetulia.

"Na kama kisasi ndicho ulichotaka," akamalizia, "ulijua nyuma kunavuja. Si ungetia saini tu, nikaenda nikafia huko milimani?"

Spana ikasimama. Fundi akatoa kichwa, akamtazama kuanzia viatu hadi kola ya lile shati.

"Lori limenikosea nini?"