Poda Usoni mwa Ignas

Mwaka wa tisini na nane, Praful alipoleta kompyuta katika studio yake ya picha pale Kahama, tayari alikuwa mzee, na dawa za kusafishia picha zilikuwa zimemla kucha. Alijifunza polepole, kama mtu anayejifunza sala kwa lugha ngeni.

Asubuhi moja akaingia Paskazia kutoka Runzewe, vumbi la barabara likiwa bado kwenye nyusi.

"Shikamoo, Baba Mihir."

"Marahaba, Mama Ignas," Praful aliitikia. "Pole na safari. Na pole tena kwa kijana."

Ignas alifukiwa na shimo la dhahabu, na mwaka ulikuwa unatimia. Jumapili ilikuwa misa yake, na mama alitaka picha ya kuweka mbele ya altare. Alikuwa nayo moja tu duniani: Ignas wa miaka kumi, siku ya Komunyo ya Kwanza, shati jeupe, mshumaa mkononi.

Praful aliiweka kwenye skana. Uso ukajitokeza kwenye kioo cha kompyuta, mweupe kama mwezi wa mchana.

"Mama, ulimpaka poda au unga wa muhogo?"

Paskazia alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Nilimpaka mwenyewe. Nilitaka apendeze. Sasa kila nikiitazama naona poda, mwanangu simwoni. Hata usingizini anakuja hivyo hivyo, Baba Mihir. Hana sura."

Praful akafanya alichozoea. Wachimbaji, wateja wake wakubwa, walipenda picha kali: cheupe kiwe cheupe, cheusi kiwe cheusi. Akaongeza kontrasti. Shati likang'aa, mshumaa ukawaka. Lakini macho yakazama gizani na mashavu yakawa karatasi tupu.

"Umemfukia tena," Paskazia alisema kwa sauti ndogo.

Mzee akakiachia kipanya kana kwamba kimemuunguza. Akafumba macho. Miaka thelathini ya kusafisha picha gizani ilimfundisha kwamba ngozi ya mtu haikai kwenye cheupe wala kwenye cheusi. Inakaa katikati, kwenye zile rangi zisizo na jina. Ndizo alizokuwa amezifukuza.

Akairudisha kontrasti nyuma, ikapita pale ilipoanzia, ikashuka zaidi. Mshumaa ukafifia. Shati likawa la kijivu, kama ukungu wa alfajiri juu ya mbuga. Halafu, chini ya poda, kivuli chepesi kikaja kwenye shavu, kikatulia pembeni mwa mdomo. Kikaonekana kidevu, kisha tabasamu la mtoto aliyekatazwa kucheka kanisani.

Paskazia akavuta kiti hadi magoti yakagusa meza.

"Ee Mungu. Huyo. Huyo ndiye."

"Lakini imepoa sana, mama. Watakaokaa nyuma kanisani hawatamwona."

"Waje mbele," alisema, bila kubandua macho. "Hata mimi nimesogea."