Weka Hapo

Jumanne saa nne asubuhi, kwenye chumba cha mazoezi chenye feni inayolialia, fundi cherehani alivishwa ile miwani mikubwa ya kompyuta kwa mara ya tano. Kiharusi kilikuwa kimemlaza mkono wa kulia miezi minne. Ndani ya miwani kulikuwa na jiko, rafu na vikombe vitatu vya bluu, na kazi yake ilikuwa kuvipandisha rafuni kimoja kimoja. Mkono wa nje haukuinuka hata shubiri moja, lakini wa ndani ulifika, maana mashine ilimwongezea palipopungua. Ubongo ukidanganywa vya kutosha, alisema binti wa mazoezi aliyemhudumia, mwishowe huamini.

Alipokuwa kwenye kikombe cha pili, marehemu mkewe aliingia kwa mlango wa jiko na chai mkononi, akaiweka pembeni ya meza, akatoka.

"Umemwona?" fundi aliuliza.

"Nimemwona kwenye skrini," alisema binti wa mazoezi, ambaye siku hiyo alikuwa na wagonjwa wengine wanane. "Marehemu huwa wanaingia. Asikuzibie rafu tu, mzee."

Nyumbani, bintiye alipokuwa akimfungua vifungo vya shati, fundi alimwambia, "Mama yako kaniletea chai."

"Bado anakuwekea pembeni?" bintiye aliuliza, akaendelea na kifungo.

Swali hilo lilimchoma. Miaka thelathini na moja mke yule alimpelekea chai kwenye cherehani, na miaka thelathini na moja yeye, macho kwenye mshono, alisema, "Weka hapo." Si kwamba alikuwa mkali, kazi ilimbana, basi. Mwanzoni mkewe alikuwa akisimama kidogo, kikombe mkononi, akingoja. Baadaye akaacha kungoja. Na jamani, wakati ule mikono yote miwili ilikuwa mizima.

Yalibaki mazoezi saba. Fundi aliapa kwamba kabla hayajaisha atakipokea kikombe kile mkononi mwa mkewe. Alijituma kama mwenye nguo za harusi za watu: alibana sponji mpaka jasho likamtoka, akapandisha vidole ukutani asubuhi na jioni. Kufikia zoezi la kumi mkono wa nje ulifika begani. Ila kila alipounyoosha kwa mkewe alichelewa. Kikombe kimeshatua, mwenyewe yuko mlangoni. Alimwita, lakini mashine ile haikuwa na kipaza sauti.

Siku ya mwisho hakugusa vikombe vya bluu. Alikaa mkono ameunyoosha tangu mwanzo, kiganja wazi. Mkewe akaingia, akauona, akasimama. Aliutazama mkono ule kwa muda. Kisha akaweka chai pembeni ya meza, akatoa mkasi mfukoni, akamwekea kiganjani, vishikio mbele, akatoka. Maisha yao yote mkono ule ulikuwa umenyooshwa kwake kwa ajili ya mkasi tu, naye hakuwa mtu wa kusahau.

"Safi," alisema binti wa mazoezi, akiandika. "Umeshika na hujaangusha. Umepona, mzee. Wiki ijayo usije."

Akamvua miwani. Fundi aliomba arudishiwe kidogo tu, akainywe ile chai ingali ya moto. Lakini miwani ilikuwa inafutwa kwa spiriti, na mgonjwa wa saa tano alikuwa ameshakaa kwenye kiti.