Gari Lenye Mgongo wa Jingine

Mume wangu alipomkabidhi binti yetu gereji, alikabidhi kila kitu isipokuwa mdomo. Siku ya tatu tu, akapaza sauti kutoka barazani: "Usikaze hivyo! Hiyo ni nati, si kizibo cha chupa!"

Binti akaweka spana chini, akafuta mikono taratibu. "Baba, fundi ni mimi au ni wewe?"

Mzee akanuna. Akaapa hatakanyaga gereji mpaka aitwe. Binti naye akaapa hatamwita. Nikasema, haya, nimeolewa na jiwe, nikazaa kokoto.

Kutoka barazani kwetu hadi gereji ni hatua ishirini. Miezi minne mzee alikaa amegeuza mgongo, masikio yote yako kule.

Ndipo ikaletwa Landrova ya zahanati, breki za nyuma zimekufa.

Landrova zilitufikia mimi nikiwa msichana. Zilikuja na wapima ardhi, zikapita kwenye tope ambalo hata punda alilisusa. Bodi ya Landrova haishiki kutu, na imefungwa kwa bolti kama kabati. Mtu mwenye spana tano na subira anaifumua asubuhi, jioni anairudisha. Ndiyo maana hazifi vizuri. Moja ikianguka, ya pili inarithi mlango, ya tatu inarithi injini. Mume wangu alianza kwa kuziosha, akaishia kuzifufua. Ana watoto watano wa damu na kumi na wawili wa bati.

Hii ya zahanati ndiyo inayofika vijiji vya juu, kule magari mengine yanakogeuzia. Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa ndani yake, mama yake akiwa ni huyu huyu fundi. Kwa hiyo katibu wa kamati ya zahanati aliposema maneno yake, binti yangu alishika mlango wa lile gari kama mtu anayeshika bega la ndugu.

"Jumamosi saa nne," katibu alisema, "mnunuzi wa chuma chakavu anakuja na mizani. Ikisimama kwenye mteremko wa shule, inabaki. Isiposimama, itauzwa kwa kilo."

Binti yangu amesoma chuo, na kazi yake anaifanya kwa karatasi. Alisoma kibati cha namba, akaandika mwaka wa gari, akaagiza silinda ndogo za breki za nyuma. Za zamani zilikuwa zimeoza, akazitupa kwenye ndoo ya vyuma, na ndoo ikachukuliwa. Alhamisi asubuhi mpya zikafika. Akaziweka. Tundu la bolti liko huku, bolti iko kule. Akageuza, wapi. Akadhani sahani inayozishika imepinda, akachukua nyundo.

Barazani chai ilimwagika. "Nyundo? Kwenye breki?" Mzee akasimama. Akakaa.

"Nenda basi," nikamwambia.

"Sijaitwa."

Nikabeba kikombe cha chai mpaka gereji. Binti alikuwa ameketi chini, machozi yamechora njia kwenye grisi ya mashavu.

"Kitendawili," nikasema.

"Mama! Saa hizi?"

"Kitendawili."

Akapumua. "Tega."

"Kichwa amerithi kwa baba, mgongo amerithi kwa mjomba, na wote wanamwita kwa jina la baba."

Akafikiri, akatikisa kichwa. "Nimeshindwa. Chukua mji wowote."

"Mji sitaki, nitaufagia na nani? Jibu ni hili gari. Nyuma yake ilitoka kwenye gari jingine, niliona kwa macho yangu. Gari gani, la mwaka gani, mimi sijui. Anayejua yuko hatua ishirini, na chai yake imemwagika."

Binti akafuta mashavu kwa kiwiko. Kisha akapiga kelele bila kuinuka: "Baba!"

"Nani anaita?"

"Fundi."

"Fundi yupi?"

"Fundi aliyekwama!"

Mzee alifika kabla sijaweka kikombe chini. Viatu alikuwa amevaa tangu asubuhi, mnafiki yule. Akapapasa chini ya gari, akacheka kwa pua.

"Mwaka wa mafuriko ilivunjika ekseli yake ya nyuma. Nikaweka ya wakata mbao, ile Landrova ndefu. Kibati chako kinasema kweli, ila kweli ya mbele tu."

"Na hukuandika popote?"

Akagusa paji la uso. "Nimeandika hapa."

"Na ungekufa?"

"Ningekwambia kwanza."

"Ungeniambia vipi, baba, na miezi minne umenigeuzia mgongo?"

Mzee akapapasa tena ile ekseli. Kisha akaomba brashi na rangi nyeupe, akalala chali, akaanza kuandika kwenye chuma: hiki cha wapima ardhi, hiki cha wakata mbao, hiki nilichonga mwenyewe. Herufi zilikwenda kombo. Binti akamshikia tochi.

Silinda sahihi zilikuja na basi Ijumaa mchana. Bomba la zamani la breki nalo lilikuwa limeoza ncha; lilipokatwa, likawa fupi kwa vidole vitatu. Binti akakata jipya la shaba, akalipinda taratibu kwenye shingo ya chupa.

"Mimi nilikuwa napinda kwa goti," mzee alisema.

"Ndiyo maana goti lako bovu."

Mimi wakanikalisha kwenye usukani tutoe upepo kwenye breki. "Kanyaga, mama! Achia! Kanyaga!" Mguu wangu haukupumzika mpaka pedali ikawa ngumu kama kisigino.

Jumamosi mnunuzi alifika mapema, ameegemea mizani yake. Katibu akapakiza nyuma magunia sita ya mchanga. Binti akaendesha mwenyewe. Landrova ilishuka kwa kasi mpaka nikafumba macho, na nilipofumbua ilikuwa imesimama katikati ya mteremko, imenyooka, haisogei.

"Rudia," katibu akasema.

Ikashuka tena, ikasimama pale pale. Katibu akamgeukia mnunuzi, akampa pole ya safari.

Dereva wa zahanati hakungoja hotuba. Alishusha mchanga, akapakia makasha ya chanjo, mama mmoja mwenye tumbo kubwa akapandishwa mbele, wakashika njia ya vijiji vya juu. Binti na baba yake walibaki barabarani wakibishana kama mlio ambao Landrova iliutoa kwenye gia ya pili ni wa difu, zile gia za ekseli, au wa springi. Niliwaita chai mara mbili, mara ya tatu nikainywa mwenyewe.